Kuacha pombe ghafla baa zinapofungwa, kama wakati wa korona

Je, baa zikifungwa, mnywaji mzito wa kila siku aache pombe ghafla? Hapana, asikate ghafla. Ubongo umezoea kutulizwa na pombe. Ikikosekana, ndani ya saa 6 hadi 24 mikono inatetemeka, jasho linamtoka, usingizi hauji. Degedege huweza kumpata ndani ya siku 2, kisha kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, na hapo watu hufa. Apunguze taratibu: wa bia 10 kwa siku ashuke hadi 9 kila siku, kwa siku kadhaa, akitetemeka abaki hapohapo kwanza. Ila aliyewahi kupata degedege asijaribu nyumbani kabisa, mpelekeni hospitali hata kama mnaogopa korona. Huko kuna diazepam, dawa ya kutuliza ubongo, na vitamini B1.