Dodoma hakuna sanaa: na mimi niliwahi kusema hivyo

Jumamosi iliyopita nilikuwa nafua, simu ikalia mara tatu mfululizo. Ni ujumbe wa msomaji, binti aliyepata ajira serikalini na kupangiwa Dodoma. Anachora. Aliandika hivi: "Dada, watu wananipa pole utadhani nimefiwa. Eti huko ni vumbi na mafaili tu. Kweli nitapata wa kuchora nao, au nianze kutafuta uhamisho kabla hata sijaripoti?"

Nikamjibu kwa sauti, dakika nane nzima. Nilipojisikiliza nikagundua nimemsimulia maisha yangu yote na swali lake sijaligusa. Basi ngoja niandike, huenda nikiandika nitanyooka.

Nianze kwa kukiri. Hayo maneno ya vumbi na mafaili niliwahi kuyasema mimi, tena hadharani. Nilihamia hapa 2019, wizara bado zinashusha makabati kutoka Dar. Nilikuja na begi la nguo na maboksi mawili ya rangi. Dar nilishazoea: Ijumaa ukitoka kazini unajua wapi kuna maonyesho na wapi watu wanasoma mashairi. Hapa nikapanga chumba na sebule Nkuhungu, nikazunguka mji wiki mbili, Nyerere Square, Uzunguni, Area C, natafuta mlango ulioandikwa "sanaa". Sikuuona. Nikaandika kwenye ukurasa wangu: Dodoma hakuna sanaa. Watu wakapenda, wakacheka, wakasambaza. Mmoja tu ndiye aliyeuliza, "Umetafuta wapi?" Nikamfungia asinione tena.

Miaka miwili iliyofuata haina cha kusimulia. Nilifanya kazi, nikalalamika, na kila Ijumaa mchana nilikuwa kwenye basi la kurudi Dar.

Mwaka 2022 nikajiambia, kama hakuna basi nianzishe mimi. Nikakodi ukumbi wa sehemu moja ya chakula, sitaitaja, nikalipa amana, nikakodi viti 40. Nikatundika picha 14 ukutani kwa misumari niliyoazima. Nikanunua ubuyu na karanga za wageni. Bango nikalitengeneza mwenyewe, likapendeza kweli: "Jioni ya Picha na Mashairi". Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, mwezi wa pili.

Walikuja watu saba. Wawili kati yao walikuwa wahudumu waliotumwa kuangalia kama tutaagiza vinywaji. Mmoja alidhani ni kikao cha harusi, akakaa kwa adabu mpaka shairi la pili, halafu akaniuliza kwa kunong'ona bwana harusi ni nani. Saa mbili nikazima taa mwenyewe. Mwenye ukumbi akakataa kurudisha amana, kisa hatukunywa. Mpaka leo nikipita pale nageuza shingo upande wa pili, na ubuyu wa rangi nyekundu sijaupenda tena.

Nilikaa mwezi mzima nikiwalaumu watu wa Dodoma. Wanapenda nyama choma tu, nikasema. Sasa najua kwamba kosa lilikuwa langu, na hapa ndipo ushauri wangu wa kwanza ulipo, wewe binti: mji huu una kalenda yake, ijue. Ijumaa mchana wafanyakazi kibao wako njiani kwenda Dar kwa familia zao, na tangu treni ya umeme ianze 2024, safari imekuwa ya saa tatu na nusu hivi, ndiyo kabisa hawakamatiki. Aprili hadi Juni kuna Bunge la bajeti, mji unafurika, vyumba vya wageni vinapanda bei, kila mtu ana mkoba na haraka. Na Februari mvua zipo, mwenyeji yuko shambani anapalilia uwele na mtama wake. Mimi nilichagua siku ambayo wageni wamesafiri na wenyeji wako shamba. Nani angekuja?

Sherehe za Ugogo, nchi ya Wagogo ambao ndio wenyeji wa Dodoma, huja baada ya mavuno, kiangazi, upepo ukiwa mkali na anga halina wingu. Hilo nilikuja kuambiwa na mwenye guta.

Huyu ni kijana aliyekuja kuchukua viti vya kukodi usiku ule. Nilitegemea apakie aondoke. Akasimama mbele ya picha yangu ya mama anapiga ngoma, akaitazama muda mrefu, halafu akasema, "Dada, huyu ngoma hajaishika." Nikamwuliza ana maana gani. Akachuchumaa pale pale sakafuni, akabana ndoo katikati ya mapaja, akaiinamisha mbele. "Muheme inakaa hivi. Hii yako ameiweka chini kama sufuria." Nilikasirika, siwafichi. Nimesoma kuchora, nakosolewa na mbeba viti! Lakini nilipofika nyumbani nikaitazama ile picha, na mama yangu yule alikuwa kama anapika.

Julai mwaka ule akanipeleka kwao, upande wa Chamwino. Nasema Chamwino ya wilaya, pale Ikulu ilipo, si ile kata ya mjini. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilishuka kusikohusika. Chamwino kuna kituo cha sanaa kinachoandaa tamasha la muziki wa Kigogo, na vikundi hutoka vijijini kuja kuchezea hapo. Mimi lakini sikuanzia tamashani. Nilianzia uani kwa bibi yake yule kijana, wanawake kama kumi na wawili wanafanya mazoezi.

Kwenye makabila mengi niliyoyaona, ngoma kubwa ni za wanaume. Muheme ni ya akina mama. Ngoma ina kiuno chembamba, imebanwa mapajani, na mpigaji anacheza huku anapiga, mabega yanakwenda na mkono. Kabla ya kuanza walizisogeza ngozi karibu na moto, wakawa wanazigonga kwa vidole na kusikiliza, wanazirudisha, wanagonga tena. Hapo mimi nimeshatoa daftari na simu, najipitisha mbele yao natafuta pembe nzuri. Bibi akaniita. Nikaenda, nikasema shikamoo bibi. Akaitikia, akachukua daftari langu, akaliweka juu ya kinu, akanipa ndoo. "Mwanangu, maji yako kule."

Nilichota maji safari nne. Nikasaidia kusonga ugali wa uwele, nikala na mlenda, nikaosha vyombo. Jioni ndiyo nikarudishiwa daftari langu, na bibi akakaa mahali ambapo mwanga ulimpiga vizuri. Hakusema kitu. Alikaa tu. Mchoro ule ninao mpaka leo na sitauuza.

Uani hapo alikuwapo na mzee mmoja mtengeneza zeze na marimba. Marimba ya Kigogo wanaita ilimba: kisanduku cha mbao, juu yake vibao vyembamba vya chuma unavyovipiga kwa vidole gumba. Nilidhani imeharibika maana kila akigusa kulikuwa na mvumo fulani chini ya sauti. Akaigeuza, akanionyesha tundu dogo lililozibwa kwa utando mweupe wa buibui. Ule utando ndio unaovuma. Akautoboa makusudi kwa ncha ya kidole, akapiga: sauti ikawa kavu, kama ya kopo. Akaenda ukutani, akabandua utando mwingine kwa kisu, akaulainisha kwa mate, akaubandika. Mvumo ukarudi. Dakika tatu hivi, na mimi nilikuwa nimelipa nauli ya Dar miaka miwili kutafuta mambo ya kushangaza.

Mzee huyo ndiye aliyenisimulia habari za Hukwe Zawose kama mtu anayesimulia jirani. Mtoto wa Ugogo, aliyeitwa Dar es Salaam baada ya Mwalimu Nyerere kuupenda muziki wake, akaenda Bagamoyo kwenye sanaa ya taifa, akazunguka dunia na zeze alilolikuza na kuliongezea nyuzi, akafariki 2003. Ulaya walijaza kumbi kumsikiliza. Na mimi nilikuwa nimeandika Dodoma hakuna sanaa. Jamani, aibu nyingine hazina hata mahali pa kuziweka.

Tangu hapo milango ikawa inafunguana yenyewe. Mjukuu wa bibi akanipeleka kwa fundi mmoja wa mabango jirani na Sabasaba, mtu wa makamo anayeandika kwa brashi kwenye vioo vya saluni na milango ya maduka, ingawa fleksi zimemnyang'anya kazi nyingi. Kwake nilijifunza kuacha kuagiza turubai za kuchorea kutoka Dar. Unanunua kitambaa cha marekani dukani, unaivuta kwenye fremu ya mbao kwa misumari midogo, unapaka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, ikikauka unapaka rangi ya maji ya ukutani mara mbili, unapitisha msasa. Nafuu kabisa. Onyo moja: Julai usianike nje. Niliwahi kuacha picha uani saa moja, nikaikuta imepata ngozi ya vumbi jekundu. Fundi akasema iache hivyo hivyo. Niliiacha, ndiyo iliyouzika ya kwanza.

Kondoa nenda pia, nitakwambia kwa ufupi. Kama kilomita 160 kwa lami, halafu unaendelea mpaka Kolo, unaona ofisi ya mambo ya kale, unapewa mwongozaji, mnapanda mlima. Michoro ya miambani pale UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2006. Ile myekundu ya wawindaji wa zamani, watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, na wanyama kama pofu na twiga. Ile myeupe ilikuja baadaye. Wenyeji bado wanafika huko kwa matambiko, kwa hiyo usipande na muziki mfukoni. Mimi nilikaa chini ya mwamba mmoja nikajisikia mdogo, na kwa mtu mwenye kiburi changu hiyo ni dawa.

Sasa niseme la juzi, maana nalo ndilo lililonipa ujasiri wa kuandika. Mwezi wa nane tulifanya maonyesho kwenye ua wa nyumba moja Ipagala. Jumapili, saa tisa alasiri, ibada zimekwisha na watu wameshakula. Akina mama wa muheme walikuja kwa kirikuu, kwaya moja ya kanisani ikaimba nyimbo zenye mahadhi ya Kigogo mpaka majirani wakapanda juu ya ukuta, na fundi wa mabango aliandika majina ya watoto kwa shilingi elfu moja moja. Nilihesabu watu 61 nikaacha. Nimeuza picha nne. Nne! Rafiki yangu mmoja wa Dar, yule aliyeniambia 2019 kwamba "umejizika", nilimwalika kwa wiki tatu, nikamtumia hadi ratiba ya treni. Hakuja. Alituma kidole gumba. Nimekitazama hicho kidole mara nyingi kuliko inavyostahili.

Na kwenu ninyi vijana mnaonijazia sanduku la ujumbe mkiuliza "fursa ziko wapi": acheni kukaa kwenye viti vya plastiki mnasubiri wafadhili. Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, sheria inataka hivyo, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unakopesha, ulizia masharti yake. Lakini karatasi haichori. Nendeni mkabebe maji. Jifunzeni kusalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, mtaona nyuso zinavyofunguka. Mnataka kuitwa wasanii wa Dodoma na hamjui hata majirani zenu wanaimba nini wakivuna! Najua nakuwa mkali. Nami nilikuwa hivyo hivyo, ndiyo maana naumia nikiwaona.

Binti, kwa swali lako: watu wapo. Ripoti kazini, usitafute uhamisho. Panga karibu na njia ya daladala, lete brashi zako nzuri maana hizo ndizo adimu, rangi na marekani utapata huku. Jumapili ya kwanza nitakupeleka kwa bibi, vaa kitenge na viatu vya kufunga.

Nilimtumia haya yote jana usiku kabla ya kuyaweka hapa. Asubuhi amejibu: "Asante sana dada, nimefarijika. Halafu hiyo ndoo ya maji, ni lazima?"