Barua kwa mwanangu: ule ukimya wa kikaoni

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema msimamizi wako anakutaka uchague: ama utafiti wako juu ya ukimya wa wanawake vikaoni usimame juu ya hemenitiki, falsafa ya kufasiri na kuelewa, ama juu ya pragmatizimu, falsafa inayopima wazo kwa matokeo yake, kwa kuwa ile ya kwanza hutazama nyuma ikitafuta maana na ya pili hutazama mbele ikitafuta matokeo. Kisha ukaniuliza, "Mama, kweli haziwezi kukaa nyumba moja?"

Zinaweza, na zilianza kujuana zamani. George Herbert Mead, mmoja wa wanapragmatizimu wakubwa wa Marekani, alikwenda kusoma Berlin mwaka 1889, akaanza tasnifu chini ya Wilhelm Dilthey, mwanafalsafa wa hemenitiki. Huyo ndiye aliyetetea kwamba binadamu hatuwezi kumjua kwa kueleza sababu tu, kama tunavyoeleza mvua, sharti tumwelewe. Tasnifu ile haikumalizika, na mwaka 1891 Mead alirudi kwao kufundisha. Lakini soma anavyoieleza maana: ishara yangu hupata maana katika jinsi wewe unavyoiitikia, nami hujifunza kujiona kwa macho yako. Nimefundisha maneno hayo miaka mingi, na bado siwezi kukuonyesha hemenitiki inaishia wapi humo na pragmatizimu inaanzia wapi.

Mahali hasa zinapokutana ni kwenye suala la matumizi. Tumezoea kudhani kwamba mtu kwanza huelewa, halafu ndipo hutumia alichokielewa. Hans-Georg Gadamer, mwanahemenitiki wa Ujerumani, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1960, aliukataa mpangilio huo, na mfano wake wa jaji ndio ulionishika nikiwa na umri kama wako. Jaji ana sheria ya zamani mkononi na kesi mpya mbele yake. Haielewi sheria kikamilifu kwanza ndipo aipeleke kwenye kesi. Kesi yenyewe humfunulia sheria inadai nini. Kuitumia ni sehemu ya kuielewa. Sasa mweke Charles Peirce, mwanasayansi na mwanzilishi wa pragmatizimu, kando ya Gadamer. Mwaka 1878 aliandika kwamba ukitaka dhana ikae wazi akilini, fikiria athari za kivitendo tunazoweza kuzitarajia kutoka kwa kile inachokitaja. Mmoja aliingia kwa mlango wa matini, mwingine kwa mlango wa maabara, wakakutana sebuleni.

Chukua jambo lako mwenyewe. Uliniandikia kwamba kwenye vikao ulivyohudhuria, wanawake hunyamaza pendekezo linapopitishwa, na mwenyekiti huandika "wote wamekubali". Ukimya ule ni matini, mwanangu, kama andiko linalosubiri kufasiriwa. Unaweza kuwa ridhaa, woga, dharau, au uchovu wa kusema usisikilizwe. Hemenitiki itakutaka kwanza uzikague dhana tangulizi ulizoingia nazo, kisha usikilize historia ya ukimya huo mpaka upeo wako na wao uanze kuungana. Kazi hiyo usiikimbize. Ila ukiishia hapo, utajuaje kwamba hukuisikia sauti yako mwenyewe tu? Hapo John Dewey, mwanapragmatizimu mwingine wa Marekani, angekusukuma: tafsiri yako ni dhana ya kujaribiwa. Omba uamuzi ufanywe kwa kura ya siri, uone. Na kura zikija za "hapana", bado hujamaliza, maana "hapana" nayo inahitaji kufasiriwa: wamelikataa pendekezo, au wamemkataa mwenyekiti?

Basi mimi naona zinahitajiana kwa sababu kila moja ina udhaifu ambao mwenzake huuona. Jürgen Habermas, mwanafalsafa wa Ujerumani, alimkosoa Gadamer mwaka 1967 kwamba anayaamini mno mapokeo, ilhali lugha tunayoelewana kwayo inaweza pia kuficha utawala wa mtu juu ya mtu. Neno "wote wamekubali" linatosha kuwa ushahidi. Pragmatizimu nayo hupenda kuuliza kama jambo linafanya kazi, na mwenye haraka husahau kuuliza linamfanyia kazi nani. Dewey hakusahau: katika kitabu chake cha mwaka 1927 alisema umma ni wale wote wanaoguswa na matokeo ya shughuli za wengine kiasi cha kuhitaji yaangaliwe. Ila nani ameguswa, na vipi, utajua kwa kumsikiliza. Umerudi kwenye hemenitiki.

Richard Rorty, mwanapragmatizimu wa Marekani, alijaribu ndoa hii mwaka 1979, na nakiri sikuridhika nayo. Aliichukua hemenitiki kama nia ya kuendeleza mazungumzo, na ule uchunguzi wa subira wa Dewey ukapungua nguvu mikononi mwake. Namwamini zaidi mwanafalsafa mwenzake, Richard Bernstein, aliyemkutanisha Gadamer na Habermas, Rorty na Hannah Arendt, mwanafikra wa siasa, katika kitabu cha mwaka 1983, wala hakumlazimisha yeyote aseme maneno ya mwenzake. Anza naye.

Msimamizi wako usimjibu kwa ubishi. Mpelekee ukurasa mmoja juu ya kile kikao: ulichosikia, ulivyokifasiri, na kitu gani kingekuonyesha kwamba umekosea. Akuulize mwenyewe ukurasa ule ni wa falsafa ipi. Kabla hujampelekea, rudi kwa wale wanawake uwasomee tafsiri yako, kisha niandikie walichokujibu.

Mama yako