Jibu: Kusubiri ufadhili wa shirika au kuuza kiwanja ukasomee urubani?

Mdogo wangu, umeuliza kama usubiri shirika la ndege litangaze nafasi za kufadhiliwa, au wazazi wauze kiwanja ukasome urubani kwenye vyuo vya uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Kiwanja kisiguswe kabla hujapimwa afya daraja la kwanza kwa daktari anayetambuliwa na TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Ukikwama hapo, hurushi ndege kibiashara hata ukiwa na fedha kiasi gani.

Ufadhili ukitokea, omba bila kusita. Ila soma mkataba mstari kwa mstari: mara nyingi unafungwa kulitumikia shirika miaka kadhaa, na ukiondoka mapema unadaiwa gharama. Uliza pia kama ajira imeandikwa humo au ni ahadi ya mdomo.

Kwa anayejilipia, kazi ngumu huja baada ya leseni. Leseni ya kurusha ndege kibiashara hupatikana kwa saa kama 200 angani. Ile ya juu, ya kuwa nahodha wa ndege kubwa za abiria, hudai saa 1,500. Hapo katikati wengi hukaa nyumbani bila kazi, na inaniuma sana kuwaona. Nakusihi bajeti isiishie kwenye ada. Tenga fedha za kuhuisha leseni na za kujifunza kurusha Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, maana ndizo zinazopeleka watalii Serengeti, na marubani wengi wa kwetu huanzia huko.

Mimi ningeanza na leseni ya rubani binafsi, saa 40 hivi, huku nikiomba kila ufadhili unaotangazwa. Na usilipe chuo chochote ada yote kwa mkupuo, hata wakikupa punguzo.