Rangi za aikoni za faili kwenye VS Code

Ndugu uliyeuliza kwa nini aikoni za faili hazibadiliki rangi kwenye VS Code (programu ya kuandikia msimbo), hujakosea kuandika. Umeweka rangi kwenye mpangilio wa workbench.colorCustomizations na aikoni za faili hazijabadilika kwa sababu VS Code hutenganisha mandhari ya rangi na mandhari ya aikoni. Sehemu uliyoihariri inagusa mandharinyuma, maandishi, mipaka na kadhalika. Aikoni nyingi ni picha za SVG (aina ya faili za michoro) zilizokuja na rangi zake ndani, kwa hiyo mpangilio ule hauzifikii.

Njia rahisi: weka kiendelezi (programu ndogo ya kuongezea) cha Material Icon Theme, kisha fungua settings.json, faili ya mipangilio ya VS Code, uongeze:

"material-icon-theme.folders.color": "#26a69a",
"material-icon-theme.files.color": "#90a4ae",
"material-icon-theme.saturation": 0.6

Angalia hapo kwenye files.color: inabadilisha aikoni ya kawaida tu, ile ya faili zisizo na aikoni maalumu. Ya Python au JavaScript itabaki na rangi zake. Ndiyo maana mimi napenda saturation (ukolezi wa rangi) zaidi. Ukiishusha, aikoni zote zinapoa kwa pamoja, na macho yanapumzika kweli ukifanya kazi usiku.

Kama unataka rangi yako kwa kila aina ya faili, itabidi utengeneze mandhari yako ya aikoni. Anzia kwenye Seti, ile inayokuja na VS Code. Yenyewe inatumia fonti badala ya picha, hivyo kila aikoni ina fontColor (rangi) yake ndani ya faili ya JSON inayoeleza mandhari hiyo. Nakili iwe kiendelezi chako na ubadilishe huko. Usihariri faili za programu yenyewe, sasisho likija litafuta kazi yako yote.