Kamisheni asilimia 15, mbona makato yamefika 22?

Mkuu, kwa hiyo picha ya kuchorwa ya babu imeuzwa mnadani 1,000, wewe ukashikishwa 780 wakati watu wa mnada walisema kamisheni ni asilimia 15 tu. Sidhani kama wamekuibia. Cheki ile karatasi ya malipo vizuri, 150 ni kamisheni, halafu utakuta bima, hela ya kupiga picha ya katalogi, pengine usafiri, na mara nyingi kodi juu ya hiyo kamisheni yenyewe, vitu vidogovidogo ila vikijumlishwa ndo hiyo 220 yako. Na mnunuzi naye kaongezewa asilimia zake juu ya bei ya nyundo (ile bei ya mwisho nyundo ikigongwa), kwenye minada mikubwa inafika 25 na zaidi, yani wanakula huku na huku 😅

Mi nilishawahi kupeleka saa ya ukutani ikakosa mteja, nikarudishiwa na bili ya stoo juu! Kumbe ilikuwa kwenye mkataba ukurasa wa nyuma, maandishi ya sisimizi.

Next time kabla hujaacha mzigo waulize wakuandikie jumla ya makato yote, kitu kisipofikia bei ya chini mliyokubaliana unadaiwa nini, na malipo yanatoka baada ya siku ngapi. Kamisheni inapunguzwa bana, hasa kitu chenyewe kikiwa kikali, we omba tu. Galari (maduka ya kuuzia sanaa) nazo huwa zinachukua hadi nusu ya bei, ila hapo wao ndo wanahangaika kutafuta wateja, kwa mchoraji aliye hai inaweza kulipa, kwa picha moja ya urithi sioni maana.