Maswali yenu: skechi za Degas na ile mistari mnayosema kakosea

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu skechi za wacheza baleti za Edgar Degas, yule mchoraji Mfaransa wa kundi la wachoraji walioitwa Impreshonisti. Nimechagua chache.

Skechi moja mguu wa binti una mistari mitatu minne. Alikosea akakosa raba?

Hakukosa raba jamani. Hili swali linarudi kila mara na linanichosha, maana mtu kaangalia picha kwenye simu sekunde mbili afu keshahukumu. Rudi uangalie tena ule mguu: kuna mstari mwembamba mkono umepita tu, kuna wa pili umesogea nje kidogo, afu kuna mmoja mzito, kakandamiza hasa pale kisiginoni na nyuma ya goti. Huo mzito ndio uamuzi wake, ile mingine ni alivyokuwa anatafuta mguu upi umebeba mwili, na kaiacha makusudi. Kwa hiyo ukitaka kuisoma skechi anza pale alipokandamiza ujiulize kwa nini pale, uso usianze nao, mara nyingi kauacha karibu mtupu. Mwaka 1855 akiwa kijana alikutana na mzee Ingres, mchoraji mkubwa wa Ufaransa, na mwenyewe alikuwa anasimulia kwamba aliambiwa achore mistari, mistari mingi. Alishika hilo maisha yake yote, pozi moja analirudia weee, analinakili kwa karatasi inayopitisha mwanga, analigeuza upande wa pili, analibadilisha mkono. Sasa mtu anakuja kuniambia "kachora chapchap bila kufikiri"!

Mbona nyingine zina mirabaraba ya rula juu yake?

Ya kuhamishia mchoro kwenye turubai la kuchorea kwa vipimo. Ukiiona, ujue alikuwa na mpango nayo.

Yale maandishi pembeni ni alama za siri?

Hamna siri. Kuna karatasi kaandika jina Marie na anwani, 36 rue de Douai, Paris. Ni Marie van Goethem, mwanafunzi wa baleti aliyekaa pozi kwa Degas kwa ajili ya ile sanamu ya nta ya binti wa miaka 14 aliyoionyesha 1881, leo iko National Gallery of Art kule Washington. Yaani kaandika mtoto anapatikana wapi, basi. Acheni zile video za kutafuta alama za siri kila kona, zinawafundisha kutoangalia. Huyo binti alitoka familia maskini na alikuwa kazini, hilo ndio la kuwaza.

Mwanangu wa darasa la pili anachora hivihivi.

Hapana. Mwambie amchore mtu kasimama mguu mmoja asionekane anaanguka.

Monet, mwenzake wa Impreshonisti, naye alichora kwa penseli?

Ndiyo, vitabu vyake vya skechi vipo kwenye makumbusho ya Musée Marmottan Monet, Paris, na ujana wake kule Le Havre alianza na vikatuni vya watu. Ila usimsome kama Degas. Monet kwenye penseli anapanga tu vitu vikae wapi, mwili wa mtu haumsumbui.

Nimeuziwa skechi ina mhuri mwekundu wa "Degas". Ni orijino?

Mhuri peke yake hauthibitishi kitu. Alifariki 1917, kazi zilizobaki studio zikapigwa mnada 1918 na 1919, zikagongwa jina lake kwa wino mwekundu. Hiyo haikuwa saini ya mkono wake, na mhuri unaigwa kirahisi. Kwanza igeuze kwenye mwanga wa pembeni: penseli inang'aa kidogo, makaa hayang'ai na yanashika kwenye vinyweleo vya karatasi, na ukiona vidoti vidogovidogo vya mashine hiyo imeprintiwa. Ikipita hapo omba karatasi za umiliki tangu mnada, muuzaji akianza hadithi za marehemu babu yake bila karatasi hata moja, dai hela yako leo. Na picha za flashi mkiniuliza bei msinitumie tena, sitoi bei kwa picha ya simu.