Je, kichanga nacho kinabonyezwa kifua kama mtu mzima?

SWALI: Daktari shikamoo. Juzi nimefundishwa kumbonyeza kifua mtu aliyezimia na hapumui, ila nina kichanga cha miezi 5 nyumbani, sasa na yeye nambonyeza hivyohivyo kwa mikono miwili? Si nitamvunja mbavu jamani!
Mama Kichanga

JIBU: Marhaba mama. Hapana, usimbonyeze kwa viganja viwili kama mtu mzima, tumia vidole gumba tu. Mwite kwanza, mgongegonge nyayo, kama haitiki na hapumui vizuri mlaze chali sehemu ngumu, sio kwenye godoro maana utakuwa unabonyeza godoro tu. Mzungushie viganja kifuani, gumba zote mbili katikati ya kifua chini kidogo ya usawa wa chuchu, bonyeza kama sentimita 4 (mtoto mkubwa kama 5, mtu mzima 5 hadi 6), mwendo mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukibonyeza acha kifua kirudi juu chote, hapo ndo wengi wanakosea.

Ukifika 30 mpe pumzi 2, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake pamoja, pumzi ya mashavu tu sio ya kupuliza puto, na kichwa usikirudishe nyuma sana kama cha mtu mzima. Pumzi usiziruke, watoto wengi moyo unasimama kwa kukosa hewa. Kama uko peke yako fanya dakika 2 ndo upige simu ya dharura, au weka spika huku unaendelea.

Mbavu? Usiogope mama, zinapona.